Uchunguzi wa Hataza na Njia ya Katriji ya Printa

Printa ya LaserJet ilipoingia sokoni mwaka 1984, katriji yake iliunganisha wino wa unga na ngoma ya picha katika kifaa kimoja, ambacho mtumiaji aliweza kukibadilisha bila fundi. Reli na mifuo ya kuielekeza katriji ndani ya mashine ikawa sehemu ya ushindani wa hataza.

Nchini Marekani, mchunguzi hapimi upya pekee. Sheria ya mwaka 1952 humtaka akatae pia uvumbuzi ulio dhahiri kwa fundi wa kawaida wa fani husika. Reli ni ya kale. Kinachopimwa ni mpangilio wake. Mwaka 2007, katika shauri la KSR lililohusu kanyagio la gari, Mahakama ya Juu ilirahisisha kukataa muungano wa vipande vilivyokwisha kujulikana.

Uzito wa uchunguzi huo unadhihirishwa na shauri la Impression Products dhidi ya Lexmark la mwaka 2017. Mahakama iliamua kwamba mwenye hataza akishaiuza katriji, haki yake ya hataza juu ya katriji hiyo hukoma. Anayeijaza upya hazuiwi tena na hataza hiyo. Anayeunda mpya hakupata kinga hiyo. Kwake, mpaka wa halali unabaki katika maneno ya madai yaliyokubaliwa na mchunguzi.