Mpaka wa Mahubiri: Puri, Tirumala na Sheria za Mahali pa Hija

Kuzuia mahubiri ya dini nyingine kando ya mahekalu ya hija ya Wahindu ni jambo lenye historia ya zaidi ya miaka mia mbili. Waliolianza hawakuwa Wahindu. Walikuwa wafanyabiashara wa Kiingereza wa Kampuni ya India Mashariki, waliotawala sehemu kubwa ya India kwa faida na kuogopa chochote ambacho kingewachochea raia. William Carey, mmisionari wa Kibaptisti, aliingia Bengal mwaka 1793 bila kibali cha Kampuni. Mwaka 1800 alihamia Serampore, mji mdogo wa kando ya mto Hooghly uliokuwa chini ya Denmark, na huko yeye na wenzake wakafunga mtambo wa kuchapa Biblia na vijitabu katika lugha za India. Amri za Kampuni kutoka Calcutta hazikumfikia huko, ingawa Calcutta yenyewe haikuwa mbali.

Julai 1806 askari Wahindi wa ngome ya Vellore, kusini mwa nchi, waliasi na kuwaua Waingereza wengi. Chanzo cha karibu kilikuwa kanuni mpya za mavazi: kofia ya namna nyingine, na katazo la kuvaa alama za dini usoni wakati wa gwaride. Askari waliona kwamba wanatayarishwa kufanywa Wakristo. Kuanzia hapo wakuu wengi wa Kampuni waliuona uinjilisti kuwa baruti. Mwaka 1807 serikali ya Gavana Mkuu Lord Minto iliwabana wamisionari wa Serampore kwa sababu ya maandishi yao yaliyoshambulia imani za wenyeji. Bunge la Uingereza lililegeza kamba mwaka 1813, likaruhusu wamisionari kuingia kwa leseni, na mwaka 1833 leseni nayo ikaondolewa.

Puri, kwenye pwani ya Odisha, ndipo mvutano huo ulipoonekana waziwazi. Hekalu la Jagannath huvuta mahujaji kutoka pande zote za India, hasa wakati wa Rath Yatra, ambapo Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra hutolewa hekaluni na kupandishwa kwenye magari matatu makubwa ya mbao. Gari la Jagannath lina magurudumu 16, la Balabhadra 14, la Subhadra 12. Umati huyavuta kwa kamba nene katika barabara pana iitwayo Bada Danda. Kampuni iliiteka Odisha kutoka kwa Wamaratha mwaka 1803, na pamoja na nchi ikarithi kodi ya mahujaji, ambayo ilianza kuitoza yenyewe mwaka 1806. Hujaji aliyetoka kaskazini alisimamishwa Atharanala, daraja la kale la mawe lenye matao 18 kwenye mlango wa mji. Mahujaji walipangwa kwa madaraja: wa daraja la juu kabisa alilipa rupia 10, wa chini yake akalipa pungufu, na fukara wakapita bila malipo. Baada ya kutembea majuma kadhaa, wengi waliliona hekalu kwa mbali wakiwa bado wamezuiwa na karani wa serikali.

Mwaka huohuo wa 1806 mchungaji wa Kianglikana, Claudius Buchanan, alifika Puri, na kitabu alichokitoa miaka michache baadaye kiliwashtua wasomaji wa Uingereza kwa maelezo ya watu waliojitupa chini ya magurudumu. Maelezo hayo yalikuzwa mno. Vifo vya namna hiyo vilikuwa vichache, na waliokufa kwa kipindupindu na njaa njiani walikuwa wengi kuliko hao kwa mbali sana. Hata hivyo picha aliyoichora ndiyo iliyobaki, kiasi kwamba Kiingereza kililichukua jina la Jagannath likawa neno la kitu kikubwa kinachoponda kila kilicho mbele yake. Ni dhuluma kwa hekalu ambalo fahari yake kubwa ni chakula kilichobarikiwa, ambacho Wahindu wa matabaka mbalimbali hula pamoja.

Wabaptisti wa tawi la General Baptist walifungua kituo Cuttack mwaka 1822, na mwaka uliofuata William Bampton akahamia Puri kwenyewe. Kila sikukuu yeye na wenzake walisimama katikati ya umati, wakihubiri na kugawa vijitabu vya Kiodia. Kwa hesabu yao palikuwa mahali bora kuliko pote: kijitabu kilichopokelewa Bada Danda kingeweza kusomwa baada ya mwezi katika kijiji ambacho hakuna mzungu aliyekifikia. Kwa hesabu ya makuhani na mahujaji ilikuwa kinyume chake, kwani mtu aliyefunga safari ndefu kumwona mungu wake alikutana, karibu na lango, na mgeni anayemwambia kwamba mungu huyo ni gogo. Mahujaji hawakuwa na mahali pengine pa kwenda kukwepa maneno hayo. Malalamiko ya kisasa bado yanaegemea hoja hiyo.

Lakini vita vikubwa vya wamisionari vilikuwa dhidi ya kodi. Mmoja wao, James Peggs, aliandika kwa bidii kuonyesha kwamba serikali ya Kikristo inapata fedha kutokana na ibada ya sanamu, tena inawapa mawakala wa hekalu sababu ya kwenda mbali kusaka mahujaji. Mwaka 1840 kodi ilifutwa Puri na katika miji mingine ya hija, Gaya na Allahabad. Kampuni ikaanza kujitoa katika uendeshaji wa mahekalu, na mwaka 1843 hekalu la Venkateswara la Tirumala likakabidhiwa kwa wakuu wa nyumba ya watawa ya Hathiramji, waliolisimamia hadi sheria ya 1932 ilipounda bodi ya Tirumala Tirupati Devasthanams. Hivyo kampeni iliyokusudiwa kuyadhoofisha mahekalu iliishia kuyarudisha mikononi mwa Wahindu.

Baadaye uzito wa sheria ulihama kutoka mahali pa mahubiri ukaenda kwa mtu anayebadili dini. Tawala za wafalme wa Kihindi, Raigarh mwaka 1936, kisha Surguja, na Udaipur mwaka 1946, zilitunga sheria za kudhibiti kubadili dini. Bunge la Katiba la India lilibishana Desemba 1948 kuhusu neno moja, kueneza dini. Lokanath Misra wa Odisha alitaka liondolewe; lilibaki, na Ibara ya 25 ikaruhusu kila mtu kukiri, kufuata na kueneza dini yake. Odisha ikafuata na sheria ya 1967 dhidi ya kubadilisha watu dini kwa nguvu, hila au ushawishi wa mali. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba haki ya kueneza ni haki ya kueleza imani, si haki ya kumbadilisha mwingine dini.

Mahali palirudi katika sheria mwaka 2007, Tirumala. Hekalu liko katika milima saba ambayo waumini huihesabu kuwa vichwa saba vya nyoka Adisesha, kitanda cha Vishnu. Kulikuwa na malalamiko kwamba Wakristo wanahubiri huko juu. Serikali ya Andhra Pradesh, ikiongozwa na Y. S. Rajasekhara Reddy, ambaye mwenyewe alikuwa Mkristo, ilitoa amri ya dharura na kisha sheria: katika maeneo yaliyotangazwa, ni kosa kueneza dini isiyo ile inayofuatwa hapo. Maandishi ya sheria hayaitaji dini yoyote kwa jina, ila maeneo yaliyotangazwa yalikuwa ya mahekalu, Tirumala na Srisailam yakiwemo. Wapinzani waliona Ibara ya 25 imekatwa kipande. Watetezi walijibu kwamba mhubiri bado ana nchi nzima.

Ugumu wa sheria ya namna hii ni kuamua mahali panaishia wapi, na kueneza dini ni nini. Kwenye lango la Alipiri, chini ya mlima, walinzi hukagua magari na mizigo wakitafuta nyama, pombe na tumbaku. Agosti 2019 kilichozua zogo hakikupita kwenye mizigo. Abiria wa basi la umma liendalo Tirumala waligeuza tiketi zao wakakuta nyuma yake tangazo la mpango wa serikali wa kusaidia hija za Makka na Yerusalemu. Ilielezwa kwamba karatasi hizo zilikuwa za kituo kingine cha mabasi na zilipelekwa Tirupati, mji ulio chini ya mlima, kimakosa. Tiketi ziliondolewa.