Kabla hujashika msasa: historia ya rangi ya Enterprise

Mjomba wangu alikuwa baharia. Sasa amestaafu, anakaa Kurasini, na kwenye kabati la sebuleni kwake kuna meli moja ambayo haijawahi kugusa maji: mfano wa plastiki wa Enterprise, chombo cha angani cha tamthilia ya Star Trek. Aliununua safarini enzi za ujana, akauunganisha na kuupaka rangi mwenyewe melini. Stika zilipotea, kwa hiyo namba ya ubavuni, NCC-1701, aliiandika kwa mkono, na imekaa upande. Leo plastiki imekuwa ya manjano na mtungi mmoja wa injini umelegea.

Mwezi uliopita akaniambia, "Mpwa wangu, hebu nipakie rangi mpya hii kitu. Meli isiyopakwa rangi inaliwa na kutu."

Nikakubali. Nikanunua msasa na kopo la rangi ya kupuliza ya magari, nikapanga na ile namba niinyooshe. Kabla sijaanza nikasoma kidogo kuhusu Enterprise yenyewe. Kumbe nilikuwa naelekea kwenye kosa ambalo limewahi kuwasumbua hata wataalamu wenye maabara.

Tuanze na jambo moja: Enterprise "yenyewe" nayo ni mfano. Ilichorwa na Matt Jefferies, ikaundwa California mwaka 1964 na Richard Datin pamoja na mafundi wenzake, kwa mbao, plastiki na chuma. Urefu wake ni kama mita 3.4. Kamera ilipiga upande wa kulia tu. Upande wa kushoto ndiko nyaya za taa zilikoingilia, kwa hiyo haukumaliziwa kupambwa. Tamthilia ilianza kurushwa Septemba 1966, na sisi huku tuna sababu ya kuijali: afisa wa mawasiliano wa chombo hicho, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, aliitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu "uhuru".

Mwaka 1974 mfano huo ulikabidhiwa kwa Smithsonian, taasisi ya makumbusho iliyoko Washington. Tangu hapo ukatengenezwa mara tatu: 1974, 1984 na 1991. Kila aliyeushika alitaka kuuokoa. Lakini matengenezo ya 1991 yalifunika karibu mwili wote kwa rangi mpya, na wapenzi wa tamthilia wakalalamika kwamba mistari na vivuli vimekolezwa mno. Sehemu moja kubwa ndiyo iliyoachwa na rangi yake ya miaka ya 1960, nayo ni upande wa juu wa ile sahani ya mbele.

Sehemu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa shahidi. Mwaka 2014 mfano ulishushwa ili ufanyiwe kazi upya. Wahifadhi waliupiga picha za eksirei kuona ndani. Kisha wakasugua vipande vidogo sana vya rangi, taratibu, mpaka tabaka zote zikaonekana zimepangana kama pete za shina la mti. Makumbusho pia iliwaomba wananchi picha za zamani, zilizopigwa kabla ya 1976. Kwa ushahidi huo wakaondoa rangi ya 1991 na kurudisha ya awali, wakaweka taa za LED ndani, na mwaka 2016 mfano ukaonyeshwa tena. Juu ya sahani rangi ya zamani ikaachwa ilivyo.

Sasa turudi kwa mjomba na kutu yake. Kwa meli za pale bandarini yuko sahihi kabisa: rangi huzuia maji ya chumvi na oksijeni visifikie chuma. Lakini mfano wake ni wa polistirini, na plastiki haishiki kutu. Manjano yanatokana na umri na mwanga, hasa miale ya jua. Tena thina iliyomo kwenye rangi nyingi za magari inaweza kuiyeyusha plastiki hiyo. Yaani dawa niliyonunua ingemuua mgonjwa.

Kuna jambo la pili, na hili ni la kihistoria. Meli ya kazi ikipoteza rangi, meli inabaki. Kwa mfano mambo ni tofauti, maana uso wake ndio habari yenyewe. Pwani yetu inalijua hili kupitia mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, likapambwa kwa rangi na kusafiri kwa tanga la mkeka. Ulitoweka katika karne ya 20. Mwaka 2003 ulipoundwa mtepe wa ukubwa kamili kwa ajili ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, mitepe halisi ya kunakili haikuwepo tena. Katika hali kama hiyo, mfano mdogo kabatini ni ushahidi, na mtu mwenye msasa na nia njema anaweza kuufuta kwa mchana mmoja.

Nilirudi Kurasini mikono mitupu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Rangi iko wapi?" Nikamweleza yote haya. Hakufurahi. Kwake meli chafu ni aibu ya nahodha. Nikamwambia naweza kuuosha kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini, kisha nigundishe mtungi uliolegea. Nikamuuliza kuhusu ile namba.

Akaigeuzia kwenye mwanga. "Hii? Siku hiyo bahari ilikuwa mbaya. Brashi ikawa haitulii mkononi."

Akanyamaza kidogo. "Basi hapo usiguse. Lakini tumboni utapaka."

Bado tunabishana kuhusu tumbo. Kwa sasa nimeupiga picha kila upande, na kopo la rangi nimempa fundi wa magari.