Amnesia: The Dark Descent (mapokezi ya wahakiki)

Amnesia: The Dark Descent ni mchezo wa kompyuta wa kutisha uliotengenezwa na Frictional Games, studio ndogo ya Uswidi iliyokuwa wakati huo mjini Helsingborg. Ulitolewa tarehe 8 Septemba 2010 kwa Windows, Mac OS X na Linux. Waanzilishi wa studio hiyo, Thomas Grip na Jens Nilsson, walikuwa wameshajulikana kwa mfululizo wa Penumbra (2007–2008), na mengi yaliyosifiwa katika Amnesia yalianzia humo. Wahakiki waliupokea vizuri: Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kutoa wastani, inauonyesha ukiwa na 85 kati ya 100 kwa toleo la kompyuta.

Mchezaji anashika nafasi ya Daniel, Mwingereza anayezinduka mwaka 1839 ndani ya kasri la Brennenburg, Prussia, akiwa amesahau karibu kila kitu. Barua aliyojiandikia mwenyewe kabla ya kunywa dawa ya kusahau inamwagiza aende akamuue mwenye kasri, Alexander. Aende na nini? Hapewi hata kisu. Akikutana na dubwana atakimbia au atajibanza gizani, na giza lenyewe humla akili: macho huanza kuona yasiyokuwepo, picha huyumba, kelele za ajabu husikika. Kumtazama dubwana moja kwa moja nako huharakisha kuchanganyikiwa. Mafuta ya taa na viberiti havitoshi kuwasha kila kona.

Mtego huu wa pande mbili ndio uliowavutia wahakiki kuliko jambo jingine lolote. Miaka ile michezo mikubwa ya kutisha ilikuwa imejaa risasi. Dead Space (2008) na Resident Evil 5 (2009) zilimpa mchezaji ghala la silaha, na mwenye bunduki huogopa kwa kiasi tu. John Walker wa Rock Paper Shotgun alikwenda mbali zaidi ya wenzake, akiuhesabu kuwa pengine ndio mchezo uliofaulu kutisha kuliko yote iliyokwisha kutengenezwa. Sifa hiyo ilikuwa kubwa, lakini haikuwa ya kupapasa: wengi walioandika baada yake walitaja mambo yaleyale.

Mojawapo ni milango. Haifunguki kwa kubonyeza kitufe kimoja. Mchezaji huushika mlango kwa kipanya na kuuvuta au kuusukuma kama angefanya kwa mkono wake. Anaweza kuchungulia kwa upenyo mdogo. Akikimbizwa, lazima ageuke aufunge, na mkono uliotaharuki huvuta pale ulipotakiwa kusukuma. Jingine ni sehemu ya ghala la chini lililofurika maji, inayotajwa mpaka leo kila michezo ya kutisha inapojadiliwa. Dubwana la humo halionekani kabisa. Kinachoonekana ni maji yanayoruka kila linapopiga hatua, na mchezaji huruka kutoka sanduku hadi sanduku akilipoteza lengo kwa vipande vya nyama alivyovitupa mbali. Hakuna sura ya kutisha iliyochorwa hapo, na pengine ndiyo maana sehemu hiyo haijazeeka.

Sauti ilipata sifa ya peke yake, pamoja na muziki wa Mikko Tarmia. Katika tamasha la Independent Games Festival la mwaka 2011 mchezo ulitwaa tuzo ya ubora wa sauti, ya ubora wa kiufundi, na ile ya Direct2Drive Vision.

Lawama hazikukosekana. Mafumbo yalionekana mepesi, na hadithi, kwa kutegemea mno karatasi zilizotawanyika vyumbani, ilimlazimu mtu aliyekuwa akitetemeka asimame asome. Dosari nzito zaidi huonekana baadaye: kipimo cha akili kinatishia zaidi ya kinavyouma. Akili ikimwisha, Daniel huanguka na kutambaa, kisha hupata nafuu. Anayeuawa naye hurudishwa karibu na alipofia, na mara nyingine dubwana lililomuua huwa limekwisha kuondoka, ili asigeuze hofu kuwa zoezi la kurudia. Busara ya uamuzi huo haipingiki kwa anayecheza mara ya kwanza. Aliyekwisha kuujua hakosi kutembea kifua mbele. Hali ngumu iliyoongezwa mwaka 2018 ni kama jibu la lawama hiyo: humo akili ikiisha mchezaji hufa, na kuhifadhi mchezo hugharimu viberiti.

Mapokezi ya mchezo huu hata hivyo hayakuamuliwa na wahakiki peke yao. Vijana walianza kujirekodi wakiucheza, wakipiga mayowe, na kuzipandisha video zao YouTube. Felix Kjellberg, Mswidi anayefahamika kwa jina la PewDiePie, alijipatia sehemu kubwa ya umaarufu wake wa mwanzo kwa video hizo, zikiwemo za visa vilivyotungwa na wachezaji wenyewe kwa zana zilizotolewa na studio. Kufikia Septemba 2012 nakala zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeuzwa. Kuna kinaya hapa, maana mchezo uliotengenezwa uchezwe peke yako, taa zimezimwa, ulipata jina kwa kutazamwa na umati uliokuwa ukicheka.

Nyayo zake zilifuatwa na Outlast (2013), na wahakiki wengi waliutaja tena walipoandika kuhusu Alien: Isolation (2014). Warithi wa jina lenyewe walikuwa na bahati tofauti. A Machine for Pigs (2013), iliyotengenezwa na The Chinese Room ya Uingereza, iliondoa kipimo cha akili na uhaba wa mafuta; wahakiki waliusifu uandishi wake, lakini wengi walilalamika kwamba hofu ilipungua. Rebirth (2020) nayo haikufikia heshima ya mchezo wa kwanza. Ni The Bunker (2023) iliyorudisha msisimko, na ilifanya hivyo kwa kuvunja mwiko: askari wake wa Kifaransa, aliyenaswa handakini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ana bastola. Ila risasi ni za kuhesabu, mlio humwita mnyama, na bastola haimuui.