Kinini na majani: historia ya dawa mbili Kambove

Hapa kwetu Kambove, mtoto akiamka na mwili moto, swali la kwanza la jirani ni hili: "Umeshamupatia kinini?" Neno kinini tunalitumia kwa kila dawa ya kumeza: ya kichwa, ya minyoo, hata ya sukari. Lakini zamani lilikuwa jina la dawa moja tu, ile ya malaria, na dawa ile ilitoka katika ganda la mti. Kwa hiyo ule ubishi wa kila siku, "dawa ya wazungu" upande huu na "dawa ya miti" upande ule, umesimama juu ya mguu mmoja. Tufuate historia, tuone mgonjwa wa leo anaweza kupata fundisho gani.

Mti uliozaa kinini

Mti wenyewe unaitwa kinkina. Kwao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Watu walikunywa ganda lake kwa miaka mingi, lakini hawakuweza kujua kikombe kimoja kina nguvu gani: ganda la mti huu lilikuwa kali, la mti ule lilikuwa hafifu. Katika mwaka wa 1820, Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa ndani ya ganda kile kitu chenyewe kinachoponyesha. Tangu pale munganga aliweza kupima: mtoto kiasi hiki, mtu mzima kiasi hiki. Baadaye mti huo ulipandwa hata katika milima ya Kivu, na kiwanda cha Pharmakina, pale Bukavu, kikatengeneza dawa kutoka ganda lake.

Tuangalie vizuri: dawa haikuacha kuwa ya mti. Kilichoongezeka ni kipimo.

Munganga wa pori na munganga wa kompani

Wankambo wetu Wasanga na majirani zao walijua kuchimba na kuyeyusha shaba kabla muzungu hajafika. Mjeolojia Jules Cornet alipopita inchi hii mwaka wa 1892, alikuta mashimo yao. Wakati ule, mwenye kuugua alikwenda kwa munganga aliyejua mizizi, maganda na majani. Mwaka wa 1906 ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga, na reli ikafika Kambove mwaka wa 1913. Toka 1928 kompani ilianza kushika wafanyakazi kwa kontra ndefu, pamoja na wake na watoto wao. Ikajenga kambi, lopitali na nyumba za kuzalia. Polepole jina la munganga likahamia kwa yule mwenye blouse nyeupe, na mpaka leo tunamwita hivyo. Yule wa kwanza alibaki nyuma ya nyumba, lakini hakupotea.

Kompani ikawa ya serikali, ndiyo Gécamines. Katika miaka ya 1990 ikaanguka, na mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa "départ volontaire". Baba aliyezoea kutibiwa na kompani, yeye na watoto wake, alijikuta analipa kila kinini kwa makuta yake. Basi majani ya mapera kwa tumbo, majani ya mpapai kwa homa, maji ya kujifukiza kwa kifua, vyote vikarudi mbele. Tusiseme watu walirudi juu ya ujinga. Sana sana ilikuwa juu ya kukosa.

Utafiti unasema nini

Elimu ya leo haidharau majani. Bibi Tu Youyou wa China alifuata kitabu cha zamani cha dawa za kwao, akatoa artemisinini katika mmea wa artemisia. Mwaka wa 2015 akapewa Nobel. Kwetu Kongo, toka 2005, malaria ya kawaida inatibiwa kwa dawa zenye asili hiyo. Na kinini yenyewe ilipimwa upya: katika utafiti uliotangazwa mwaka wa 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali, katika inchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo, walitibiwa kwa kinini au kwa artesunate. Kwa kinini walikufa 10.9 katika kila 100. Kwa artesunate 8.5. Hivi ndivyo dawa mpya ilishinda ya zamani: kwa hesabu, si kwa kelele.

Lakini chai ya artemisia ni jambo lingine. Mwaka wa 2019 OMS ilisema haiungi mkono kutibu malaria kwa chai hiyo, kwani nguvu yake haina kipimo: dawa kidogo haiui vijidudu vyote, tena inaweza kuvizoeza dawa.

Karibu yetu, watafiti wa Lubumbashi walitangaza mwaka wa 2017 majaribio ya mimea 9 ambayo watu wa pale wanatumia juu ya ugonjwa wa sukari. Walipoipima kwa wanyama, kadhaa ilishusha sukari kweli. Hii ni heshima kwa wazee, na ni onyo pia. Kama jani linashusha sukari, na kinini cha munganga kinashusha, mgonjwa anayechanganya vyote kwa siri anaweza kuanguka.

Swali letu wenyewe: udongo

Kuna swali ambalo mtu wa mbali hawezi kutuulizia: jani lako umelichuma wapi? Mwaka wa 2009, watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walionyesha kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi katika mkojo kuliko watu wa vijiji vya mbali. Mwaka wa 2014 utafiti mwingine ulionyesha kwamba chakula, mboga za majani zikiwemo, pamoja na vumbi ndizo njia zake kubwa. Sasa, lengalenga na jani la dawa vinakula udongo uleule. Wazee walijua kwamba mmea unasema kilicho chini yake. Ua la shaba liliwaonyesha watafuta madini pa kuchimba. Kumbe jani la kando ya remblai linaweza kubeba ugonjwa mwingine pamoja na dawa.

Basi, wandugu wasomaji, tuhifadhi elimu ya wankambo kwa kuiandika: jina la mti, sehemu inayotumiwa, kiasi, mahali. Tuchume mbali na migodi. Tumwambie munganga wa lopitali kila kitu tunachokunywa nyumbani, naye asitucheke. Na mtoto mwenye mwili moto apimwe damu siku ileile; majani yanaweza kungoja, malaria haingoji.