Gari la gesi linamisi likipata moto? Soma hii kabla ya kununua koili

Gari likiwa baridi linaenda vizuri. Ukitembea nusu saa kisha ukakanyaga mafuta kupanda kilima, linaanza kushtukashtuka, taa ya injini inawaka, nguvu inakata. Ukirudi kwenye petroli linatulia. Ukiegesha likapoa, gesi nayo inakubali tena kama vile hakukuwa na shida.

Madereva wengi waliofunga mfumo wa gesi asilia, yaani CNG, wanaijua hali hii. Mafundi husema gari "linamisi", na wa kwanza kulaumiwa ni koili. Ni kweli koili huungua. Ila mara nyingi kuna kitu kinachoiunguza, na kisipoondolewa hata koili mpya haitadumu. Hapo ndipo pesa ya dereva inapopotelea.

Gesi ya Mtwara, injini ya petroli

Gesi ya Mnazi Bay, eneo la Msimbati karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, iligunduliwa mwaka 1982. Husafishwa Madimba mkoani Mtwara, kisha husafiri kwa bomba lililozinduliwa Oktoba 2015 hadi Dar es Salaam, ambako magari na bajaji nyingi sasa zinatumia gesi asilia.

Mengi ya magari hayo yalitengenezwa kwa petroli. Fundi huongeza mtungi, regyuleta, nozeli za gesi na kompyuta yake. Koili na plagi mara nyingi hubaki zile zile.

Koili inapokea volti 12 za betri na kuzipandisha hadi zaidi ya 20,000 ili cheche iruke kwenye mwanya wa plagi. Gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, inahitaji volti nyingi kuliko petroli, hasa injini ikiwa na mzigo. Plagi ikichoka mwanya wake unapanuka, na volti inayohitajika inapanda tena. Umeme ukikosa njia kwenye plagi unatafuta nyingine: unatoboa mpira wa koili au insuleta ya ndani na kurukia chuma cha injini.

Ongeza joto. Kwenye magari mengi ya kisasa koili zimekaa juu kabisa ya injini. Kwenye mchanga, kama wa kuelekea ufukwe wa Msimbati, gari linaenda kwa gia ndogo, mizunguko mingi na upepo kidogo, hivyo joto chini ya boneti linapanda haraka.

Pima hivi, kwa mpangilio

1. Soma kodi kwa mashine. P0300 ni kumisi kwa silinda zaidi ya moja au isiyojulikana. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea.

2. Hamisha koili. Zima injini, toa koili ya silinda inayomisi uibadilishane na ya jirani. Futa kodi, kisha endesha kwa gesi mpaka injini ipate moto, maana koili mbovu huweza kufanya kazi vizuri ikiwa baridi. Kodi ikihama na koili, koili ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, tafuta kwingine.

3. Toa plagi. Plagi za magari mengi ya petroli zina mwanya wa takriban milimita 1.0 hadi 1.1. Kwa gesi mafundi wengi huubana hadi kati ya 0.7 na 0.8. Muulize aliyefunga mfumo wako, na usigongegonge plagi za iridiamu, ncha yake huvunjika.

4. Angalia shimo la plagi. Ukikuta oili, gasketi ya tapeti kava inavuja, na oili hiyo inaharibu mpira wa koili. Mstari mweusi kwenye mpira ni alama ya umeme uliotoroka.

5. Pima umeme. Injini ikinguruma, betri isome takriban volti 13.5 hadi 14.5. Kagua pia waya wa eathi. Kwa magari ya pwani chumvi huula taratibu.

6. Vyote vikiwa vizima, mpelekee fundi wa gesi akague nozeli na mchanganyiko wa gesi na hewa.

Usifanye haya

Usichomoe koili injini ikiwa inanguruma. Umeme wake unaweza kukuumiza, na gesi isiyoungua inaingia kwenye ekzosi. Ndiyo maana kuendelea kuendesha gari linalomisi ni hasara: gesi hiyo inaungulia kwenye masega na kuyayeyusha, na bei ya masega si ya koili.

Ukisikia harufu ya gesi, acha kila kitu. Zima gari, funga valvu ya mtungi, watu washuke, kisha ita karakana inayofunga mifumo hiyo.

Na gari la turbo?

Kanuni haibadiliki. Presha kubwa ndani ya silinda nayo inadai volti nyingi, kwa hiyo mwanya wa plagi hubanwa. Kama kompyuta imeprogramiwa upya, hakikisha muda wa kuchaji koili haujazidishwa. Ukizidi, koili inachemka hata gari likiwa limesimama.

Koili ikifa, badilisha. Ila siku hiyohiyo toa na plagi uzipime, la sivyo utarudi dukani kununua nyingine.