Asili ya sehemu za ua

Asili ya sehemu za ua ni mada ya botania inayochunguza uhusiano wa sepali, petali, stameni na kapeli na majani ya mmea.

Mwaka 1790 Johann Wolfgang von Goethe, mwandishi Mjerumani, alitoa kitabu kuhusu mabadiliko ya umbo la mimea. Alieleza kwamba sehemu zote za ua ni namna mbalimbali za kiungo kimoja, alichokiita jani.

Dalili zake huonekana kwa macho. Katika yungiyungi, petali za ndani huwa nyembamba hatua kwa hatua hadi kufanana na stameni. Ganda la njegere hutokana na kapeli moja, mfano wa jani lililokunjwa, na mbegu hushikamana ukingoni. Katika mawaridi ya bustani, petali nyingi za ziada ni stameni zilizogeuka. Hata hivyo, sehemu za rangi za bogonvilia si petali, bali ni majani yanayozunguka maua madogo.

Mwaka 1991 Enrico Coen na Elliot Meyerowitz walieleza modeli ya ABC. Kwa modeli hiyo, jeni za kundi A huunda sepali, A pamoja na B petali, B pamoja na C stameni, na C peke yake kapeli. Katika Arabidopsis thaliana, makundi yote matatu yasipofanya kazi, viungo vya ua hufanana na majani. Matokeo hayo yanaunga mkono wazo la Goethe, ingawa wataalamu bado wanajadili jinsi kapeli ilivyotokea katika mageuko ya spishi.