Walioshika Saa: Historia Fupi ya Safari Rally na Watu Wake wa Kujitolea

Mcheza kwao hutunzwa, na katika karamu za vilabu vya magari za kufunga mwaka wanaotunzwa kwanza ni madereva. Majina yao husomwa, vikombe hukabidhiwa, picha hupigwa. Waliosimama barabarani na saa mkononi huambulia sentensi moja ya asante kabla ya pilau. Kwa Kenya sentensi hiyo haitoshi, kwa sababu Safari Rally imebebwa na watu hao tangu siku ya kwanza.

Mashindano yalianza tarehe 27 Mei 1953 na kumalizika tarehe 1 Juni, siku moja kabla ya Malkia Elizabeth wa Pili kutawazwa London. Ndiyo maana yaliitwa East African Coronation Safari. Wazo lilitoka kwa Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent, ambaye hakuona raha yoyote ya kuzunguka uwanja ule ule. Magari yakapitishwa Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara za kila siku zenye mabasi, malori na mifugo.

Njia iliyokatiza nchi tatu haikuweza kusimamiwa na ofisi moja Nairobi. Kila kituo cha kuandikia muda kilihitaji watu wake, mchana na usiku, na saa iliyolinganishwa na za vituo vingine. Dereva alihesabiwa adhabu kwa dakika alizochelewa, na aliyeandika dakika hizo kwenye kadi alikuwa mtu asiyelipwa senti. Kadi ikikosewa, matokeo yote yanaharibika. Uaminifu wa mashindano ulikuwa kwenye kalamu yake.

Mwaka 1960 jina likawa East African Safari Rally. Kwa miaka mingi mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamewadia, na udongo uliokuwa vumbi jana ukawa tope la kumeza magurudumu. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yalianza 93, na waliomaliza walikuwa saba tena. Nick Nowicki alishinda miaka yote miwili akiendesha Peugeot 404. Takwimu hizo husimuliwa kama sifa ya madereva, na ni haki yao. Lakini zisome ukiwa umeketi kwenye kituo cha mbali. Kituo hakifungwi kwa kuwa magari hayaonekani. Hufungwa muda wa mwisho wa kuchelewa unapokwisha. Hivyo walikuwepo watu walioketi mvuani wakisubiri magari ambayo yalikuwa yamekwama nyuma yao, na hawakuwa na ruhusa ya kuondoka.

Waliosifika ni wengi. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544, akarudia mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mwaka 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mwaka huo wa 1973 Safari iliingia kwenye ubingwa wa dunia, ikabaki humo hadi 2002, ilipoondolewa kwa matatizo ya fedha na maandalizi.

Hapo ndipo ilipobainika taasisi hii imesimama juu ya nini. Timu kubwa za ng'ambo zilifunga virago, lakini mbio za kitaifa ziliendelea, na kila mbio zilitaka vituo na watu wa kuvisimamia. Vilabu vikaendelea kuwatoa. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, tayari palikuwa na watu waliojua kazi.

Kazi yenyewe imebadilika. Siku hizi njia za kushindania hufungwa. Dereva anakutana na kibao cha njano chenye picha ya saa, halafu chekundu. Hapo mwelekezi aliyeketi kando yake anatoa kadi, na gari likiwahi kabla ya dakika yake linaadhibiwa pia. Mbele, kila umbali wa kilomita chache, kuna kituo cha redio ya upepo. Mtu wake ana orodha ya namba, na kila gari likipita analitia alama. Namba moja isipoonekana, swali linaruka redioni papo hapo: limeonekana wapi mara ya mwisho? Walioanguka bila kuumia wanatakiwa kuyaonyesha magari yanayofuata maandishi ya OK. Wanaohitaji daktari huonyesha SOS. Ujumbe huo ukifika kituoni, maisha ya mtu yamo mikononi mwa aliyeshika redio, ambaye pengine jana alikuwa akifundisha darasani au akiuza spea.

Saa nayo imekuwa kali zaidi. Mwaka 2021 Sébastien Ogier alimshinda Takamoto Katsuta kwa sekunde 21.8, baada ya siku nne za mashindano. Ushindi mwembamba kiasi hicho una thamani pale tu ambapo hakuna anayeitilia shaka saa.

Kwa hiyo, karamu ya mwaka huu ikifika, asante isitolewe kwa jumla. Wasomwe kituo kwa kituo: waliofungua njia alfajiri, waliozuia watazamaji kusimama kwenye kona, walioshika redio, walioshika saa, na wa gari la mwisho linalofagia njia. Kila jina lisomwe pamoja na mahali mwenyewe aliposimama, kama dereva anavyosomwa pamoja na gari lake. Na vijana wanaotaka kujiunga na klabu bila kuwa na gari la mbio wasikie kwa masikio yao kwamba nafasi ipo. Msimu ujao una vituo vingi, na watu hawajawahi kutosha.